Uongo Njoo, Utamu Kolea: Mabingwa wa Ensaiklopidia za Kejeli

Bibi alipotaka kutuhadithia hakuanza na sungura wala fisi. Alianza kwa kuomba ruhusa ya kudanganya. "Hadithi, hadithi!" Nasi tuliojazana mkekani tukamjibu, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Kabla fisi hajatia mguu, mapatano yalikuwa yameshafungwa: tunajua utatudanganya, nawe unajua kwamba tunajua, haya endelea.

Nimeyakumbuka mapatano hayo nikipekua jamii ya vitabu na tovuti ambazo kazi yake ni kudanganya kwa utaratibu, yaani ensaiklopidia za kejeli. Zina fahirisi, picha zenye maelezo chini, tanbihi na vichwa vidogo vya habari. Zina kila kitu cha ensaiklopidia isipokuwa ukweli. Humo miungu ya kale na mastaa wa sinema hukaa jirani, na wote huelezwa kwa sauti ileile ya mwalimu wa historia wa kidato cha pili.

Fani hii ina mabingwa wake kama riadha. Baadhi walishinda kwa urefu, baadhi kwa ufupi, wengine kwa kudumu, na mmoja alishinda kwa kufukuzwa. Nimewapanga hapa na kuwapima kwa rula ya bibi: je, mwongo huyu alibisha hodi kabla ya kuingia?

Mkongwe kuliko wote

Wengi hudhani mchezo huu ulizaliwa na intaneti. Ulikuwepo kabla Ulaya haijaona karatasi. Katika karne ya 2 BK, Lucian wa Samosata, mji uliokuwa kando ya mto Frati katika nchi ambayo leo ni Uturuki, aliandika kwa Kigiriki kitabu kinachojulikana kwa jina la Hadithi ya Kweli. Kwenye dibaji analalamika kwamba wasafiri na wanahistoria wamejaza vitabu vyao maajabu wasiyoyaona. Basi naye atadanganya, ila atawashinda kwa ukweli mmoja: anakiri mapema kwamba yote yanayofuata ni uongo. Bibi angempigia vigelegele.

Baada ya hapo hakamatiki. Kimbunga kinainyanyua merikebu yake hadi mwezini, ambako anakuta vita vimeiva. Endymion, ambaye katika visa vya Kigiriki ni kijana mzuri aliyelala usingizi usiokwisha, hapa ndiye mfalme wa Mwezi. Amegombana na Phaethon, mfalme wa Jua, kuhusu nani ana haki ya kupeleka walowezi kwenye Nyota ya Asubuhi. Baadhi ya askari wamepanda tumbusi wenye vichwa vitatu. Wapiga mishale wamepanda viroboto, na kila kiroboto ana ukubwa wa tembo 12.

Itazame hiyo 12. Mwongo wa kijiweni angesema viroboto wakubwa kama mlima, akanyamaza. Lucian anatoa idadi, kama karani wa bandarini anayehesabu magunia. Ujanja wa fani nzima umo humo: uongo ukipewa takwimu huvaa suti, na uongo uliovaa suti huchekesha zaidi.

Baadaye anafika Kisiwa cha Waliobarikiwa, anamkuta Homer, na kumwuliza swali ambalo wasomi wa Kigiriki waligombania kwa karne nyingi: ulizaliwa wapi hasa? Homer anamjibu kwamba yeye ni mtu wa Babeli. Miji yote ya Kigiriki iliyokuwa ikimdai kuwa mtoto wake ikatoka mikono mitupu.

Makala fupi kuliko zote

Tarehe 8 Machi 1978 redio ya BBC ilianza kurusha mchezo wa Douglas Adams, The Hitchhiker's Guide to the Galaxy. Katika mchezo huo kuna kitabu cha kielektroniki kinachoeleza kila kitu kilichomo angani. Mwingereza mmoja, aliyeponea chupuchupu Dunia ilipobomolewa kupisha barabara ya angani, anakifungua aone kimesema nini kuhusu kwao. Anakuta neno moja.

Rafiki yake, ambaye ni mwandishi wa kitabu hicho na alikwama duniani miaka 15, anamtuliza: toleo jipya limeboreshwa. Alituma maelezo marefu, mhariri akayapunguza kidogo, na sasa maneno ni mawili. Mwandishi yeyote wa mikoani aliyewahi kutuma habari ya kurasa tatu ikatoka mistari minne atacheka mpaka machozi yamtoke.

Rekodi ya herufi chache kuliko zote nayo iko Uncyclopedia, tovuti ya kejeli tutakayoifikia hivi punde, kwenye makala iliyoandikwa kwa herufi A pekee, aya baada ya aya, vichwa vya habari na vyote. Ukiisoma kwa sauti watu wa nyumbani watakuja mbio kukuokoa.

Nembo yenye dharau kuliko zote

Uncyclopedia yenyewe ilianzishwa Marekani tarehe 5 Januari 2005 na Jonathan Huang na mwenzake, karibu miaka minne baada ya Wikipedia kuzaliwa. Nembo ya Wikipedia ni tufe la vipande vya fumbo ambalo halijakamilika juu, kuonyesha kwamba maarifa bado yanajengwa. Uncyclopedia wakachukua wazo hilohilo, lakini badala ya tufe wakaweka kiazi. Ni kiazi cha vipande vya fumbo, kitupu ndani, na kimepewa jina la Sophia, neno ambalo kwa Kigiriki ni hekima. Wikipedia hujiita ensaiklopidia huru. Uncyclopedia ikajinadi kuwa ensaiklopidia iliyo huru na maudhui.

Fungua ukurasa wake wowote wa zamani. Juu kabisa mara nyingi utakuta nukuu ya Oscar Wilde, mwandishi wa Kiayalandi aliyefariki mwaka 1900, akitoa maoni kuhusu jambo ambalo halikuwepo enzi zake. Nukuu hizo za kubuni ndizo zilizokuwa kitambulisho cha nyumba. Chini yake makala inaanza kwa adabu, jina la kitu kwa wino mzito, kisha maana yake. Sentensi ya kwanza inatembea vizuri. Ya pili inaanza kuyumba. Ya tatu imeshatumbukia mtaroni, lakini sauti ya msimulizi haijatikisika hata kidogo.

Taifa hilo la kiazi lina pia visasili vyake. Miungu yake ni Chuck Norris na Mr. T wa televisheni ya Kimarekani. Jini lake ni grue, mnyama wa gizani kutoka Zork, mchezo wa kompyuta wa miaka ya 1970 uliochezwa kwa maandishi matupu. Lina hata sheria: ukurasa maarufu wa maelekezo huwafundisha waandishi wapya jinsi ya kuchekesha bila kuwa wajinga tu. Kwa maneno mengine, nyumba ya upuuzi nayo ina mwalimu wa zamu.

Kichekesho kikubwa zaidi hawakukiandika wao. Mwaka 2006 Uncyclopedia ilichukuliwa na Wikia, kampuni iliyoanzishwa na Angela Beesley pamoja na Jimmy Wales, mmoja wa waasisi wa Wikipedia. Mtani akahamia nyumbani kwa anayemtania. Sisi tunaojua utani wa makabila tungewaonya mapema. Mtani anaweza kukwambia lolote hata msibani, lakini akishakuwa mpangaji wako, kila mzaha ataupima na kodi ya mwezi. Januari 2013 waandishi wengi wa Kiingereza walifungasha virago wakahamia tovuti yao wenyewe. Mwaka 2019 kampuni, ambayo wakati huo ilikuwa imejipa jina la Fandom, ikaifunga ile ya zamani. Kiazi kikaendelea kuota kwingine.

Mtazamo mwembamba kuliko yote

Wajerumani walikuwa wameshatangulia. Kamelopedia yao ilianza mwaka 2004, na kanuni yake ni moja: dunia yote inaelezwa na ngamia kwa ajili ya ngamia. Historia, fizikia, siasa na mapishi vyote hupimwa kwa nundu. Mtu wa Lamu au Garissa hatahitaji kufafanuliwa kwamba ngamia ana maoni yake kuhusu kila jambo, na kwamba mengi si ya kumsifu binadamu.

Mdudu aliyefukuzwa akarudi

Mwaka 1976 mchekeshaji wa Ujerumani Loriot, ambaye jina lake halisi ni Vicco von Bülow, alitokea kwenye televisheni akimwigiza Profesa Bernhard Grzimek. Grzimek, watu wa Arusha na Karatu wanamfahamu. Ndiye wa filamu ya Serengeti iliyopata tuzo ya Oscar, na amezikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro kando ya mwanawe Michael, aliyefariki kwa ajali ya ndege mwaka 1959. Ujerumani Grzimek alikuwa na kipindi cha wanyama kilichopendwa mno, akizungumza kwa upole wa daktari wa watoto. Loriot aliuchukua upole huohuo akamtambulisha kwa watazamaji mnyama mpya: chawa wa mawe, mdudu mdogo anayekula matofali na zege mpaka jengo linaporomoka.

Mzaha wa televisheni kwa kawaida hufa siku ya pili. Huyu chawa, mwaka 1983, aliibukia ndani ya Pschyrembel, kamusi ya tiba ambayo madaktari wa Kijerumani huiweka mezani kama wetu wanavyoweka kipima joto. Alipewa jina la Kilatini, Petrophaga lorioti, akaandikiwa makala yenye sura kamili ya kitabibu, pamoja na faida zake kwa wagonjwa wenye mawe ya figo na ya nyongo. Mwaka 1994 wahariri wakaona utoto umezidi, wakamfuta. Wasomaji wakaja juu. Watu wazima, wenye shahada na makoti meupe, walilalamika kwamba kamusi yao imepungukiwa na chawa. Toleo la 1997 likamrudisha, na makala yake ikawa ndefu kuliko awali.

Kwa rula ya bibi, chawa anapita bila shida. Jina la Loriot liko wazi ndani ya jina lake la Kilatini, na hodi ya Kilatini ni hodi.

Marehemu asiyewahi kuzaliwa

Katika New Columbia Encyclopedia ya mwaka 1975 yumo Lillian Virginia Mountweazel, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1942 huko Bangs, Ohio. Alikuwa mpiga picha, na sifa yake ilikuwa picha za masanduku ya barua ya vijijini. Alifariki mwaka 1973 kwa mlipuko, akiwa kazini kwa niaba ya jarida liitwalo Combustibles.

Ukijua kwamba Bangs kwa Kiingereza ni milio ya mlipuko, na kwamba jina la jarida ni vitu vinavyoshika moto, utaanza kuinua nyusi. Bibie huyo hakuwahi kuwepo. Watunzi wa vitabu vya marejeo wana desturi ya kupanda makala ya uongo katikati ya maelfu ya kweli, kama mkulima anavyotega mtego shambani. Mwizi akinakili kitabu kizima, anamnakili na Lillian, na ushahidi wa wizi anao mwenyewe mkononi. Tangu hapo jina lake limekuwa nomino ya kawaida kwa Kiingereza, na makala ya mtego huitwa mountweazel. Wangapi waliozaliwa kweli wamefika huko?

Wataalamu wa Ugiriki na Roma nao hawakutaka kupitwa. Juzuu ya kwanza ya Der Neue Pauly, ensaiklopidia nzito ya Kijerumani kuhusu dunia ya kale iliyotoka mwaka 1996, ina makala kuhusu apopudobalia, mchezo wa zamani unaofanana ajabu na soka, ambao eti majeshi ya Roma yaliufikisha Uingereza. Mashabiki waliokuwa wakibishana kuhusu nani aligundua mpira walipata jibu lenye rejea za Kigiriki na Kilatini. Tatizo la jibu hilo ni dogo tu: lote ni la kubuni.

Mungu aliyedumu kuliko wote

Tufike sasa kwenye rekodi inayouma. Tarehe 29 Mei 2005 mtu asiyejitaja jina, akiwa Australia, aliandika kwenye Wikipedia ya Kiingereza sentensi chache kuhusu Jar'Edo Wens, mungu wa wenyeji wa asili wa Australia. Kwa mujibu wa sentensi hizo alikuwa mungu wa maarifa ya kidunia na nguvu za mwili, aliyeumbwa ili watu wasijivune kupita kiasi.

Ondoa ile alama ya mkato wa juu, isogeze nafasi kidogo, utapata Jared Owens, jina la kawaida kabisa la Kizungu. Hakuna mungu wa namna hiyo. Lakini makala ilikaa hadi Machi 2015, yaani miaka 9 na miezi 9. Ilitafsiriwa, ikanukuliwa, na jina lake likaingia katika kitabu kimoja cha falsafa kinachoorodhesha miungu ambayo watu wameacha kuiamini. Mungu aliyebuniwa na mtu mmoja katika dakika chache akahesabiwa miongoni mwa miungu iliyostaafu.

Kwa muda ule alikuwa bingwa wa kudumu. Lakini mpime kwa rula ya bibi. Hakubisha hodi. Hakuwa na kiazi juu ya ukurasa, hakuwa na nukuu ya Oscar Wilde wala jina la mtunzi ndani ya Kilatini. Hakuchekesha mtu, maana hakuna aliyejua kwamba kuna cha kucheka. Na alikaa juu ya mgongo wa watu halisi, wenye dini na simulizi zao za maelfu ya miaka, ambao waliokuwa wakisoma ukurasa ule hawakuona haja ya kuwauliza.

Vita na mgodi

Jar'Edo Wens alikuwa na sentensi chache. Wengine walijenga miji. Mwaka 2007 iliingia Wikipedia makala ya maneno takriban 4,500 kuhusu vita vya Bicholim vya mwaka 1640 hadi 1641, kati ya Wareno wa Goa na Wamaratha. Wareno ni walewale tunaowafahamu kwa Fort Jesus, kwa hiyo hata msomaji wa Mombasa angeweza kuamini. Mwaka huohuo makala ikatunukiwa daraja la makala nzuri. Ilipofika mwisho wa 2012 mhariri mmoja akaamua kuvitafuta vitabu vilivyotajwa kuwa rejea. Havikuwepo. Vita vikaisha siku hiyo, bila maiti hata mmoja.

Rekodi ya ukubwa, hata hivyo, iko Wikipedia ya Kichina. Kuanzia mwaka 2012 hadi 2022 mwandishi mmoja alitunga makala 206 kuhusu Urusi ya zamani: wafalme, mapigano, na mgodi wa fedha wa Kashin uliokuwa na maelfu ya wachimbaji. Aliyemgundua ni mtunzi wa riwaya aliyekuwa akitafuta malighafi ya hadithi yake, akaupenda mgodi ule mpaka alipojaribu kuupata katika vitabu vya Kirusi. Mwandishi, aliyekuwa amejitambulisha kama msomi aliyebobea Moscow, aliomba radhi na kukiri kwamba ni mama wa nyumbani mwenye elimu ya sekondari. Rejea za lugha nyingine hazikumwingia akilini, akawa anajaza mapengo kwa kubuni, na pengo moja likazaa jingine.

Namwonea huruma kidogo. Kipaji kile kingepata mkeka wa bibi kingekuwa riwaya.

Tembo wengi kuliko wote

Tarehe 31 Julai 2006 mchekeshaji wa Marekani Stephen Colbert aliketi mbele ya kamera akawaomba watazamaji waingie Wikipedia waandike kwamba idadi ya tembo wa Afrika imeongezeka mara tatu katika miezi sita. Hoja yake ilikuwa ya kukejeli: ikiwa ukweli ni kile ambacho wengi wamekubaliana, basi tukubaliane jambo zuri. Watazamaji walivamia. Wahariri wa Wikipedia wakalazimika kufunga kurasa za tembo zisihaririwe na wageni.

Hakuna kundi la tembo lililowahi kuzaliana kwa kasi hiyo. Kwa huku kwetu mzaha huo una mwisho mchungu. Sensa ya wanyamapori ya Tanzania ilihesabu tembo wapatao 109,000 mwaka 2009, na wapatao 43,000 tu mwaka 2014. Majangili hawakusoma Wikipedia. Lakini Colbert alisema wazi, kwenye televisheni, kwamba anadanganya na kwa nini. Huyo alibisha hodi kwa ngumi.

Waliokasirika kuliko wote

Si kila mwenye nyumba hufungua mlango akicheka. Januari 2008 wizara ya usalama wa ndani ya Malaysia iliwatahadharisha wahariri wa magazeti kuhusu makala ya Uncyclopedia juu ya nchi hiyo, ikisema imejaa uongo na dharau. Serikali nzima ilikaa ikathibitisha kwamba tovuti yenye nembo ya kiazi haisemi kweli.

Mwaka 2011 ikawa zamu ya Italia. Mwimbaji maarufu wa roki Vasco Rossi alikuwa amelalamika kisheria, kupitia mawakili wake, kuhusu ukurasa wake kwenye Nonciclopedia, dada wa Uncyclopedia kwa Kiitalia. Mwanzoni mwa Oktoba waendeshaji wakaifunga tovuti kwa hiari yao. Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa, nyingi zikimwelekea mwimbaji mwenyewe, naye akaondoa malalamiko. Siku hizohizo, tarehe 4 Oktoba, Wikipedia ya Kiitalia nayo ikajifunga kwa muda kupinga muswada uliokuwa bungeni. Ndani ya wiki moja Waitalia walijaribu kuishi bila ensaiklopidia ya uongo, kisha bila ile ya kweli.

Shujaa aliyefukuzwa

Machi 2010 bendi ya Nairobi, Just A Band, ilitoa video ya wimbo wao Ha-He. Ndani yake alikuwepo Makmende, jamaa wa afro na kitambaa kichwani, anayetembeza kichapo kwa mtindo wa sinema za miaka ya 1970. Jina lilikuwepo mitaani zamani. Watoto wa Nairobi walilisikia kinywani mwa Clint Eastwood akimwambia mhalifu amfurahishie siku yake kwa Kiingereza, wakalibana mpaka likawa neno moja la kwetu, la kumwita kila anayejifanya shujaa.

Kwa siku chache intaneti ya Kenya iligeuka ensaiklopidia ya Makmende. Kila mtu aliongeza sifa, kwa mtindo ule wa Chuck Norris. Nami niongeze yangu: Makmende hapangi foleni benki, benki ndizo hupanga foleni zimwombe afungue akaunti. Kisasili kilijengwa mbele ya macho ya watu, kila mjenzi akicheka, kila msomaji akijua.

Mashabiki wakataka ukurasa wa Wikipedia. Ukaandikwa, ukafutwa. Ukaandikwa tena, ukafutwa tena. Wahariri wa mbali hawakuona umuhimu wake, mpaka vyombo vya habari vya nje vilipoandika ndipo ukaachwa ukae.

Sasa tazama kalenda. Machi 2010 mungu Jar'Edo Wens alikuwa na karibu miaka mitano ndani ya Wikipedia hiyohiyo, akipumua vizuri. Vita vya Bicholim vilikuwa na cheti cha makala nzuri. Aliyesimamishwa getini akaulizwa kitambulisho ni Makmende, ambaye uongo wake ulijulikana na kila kondakta wa matatu. Wawili waliojipenyeza kimya walivaa nguo za heshima. Yeye alikuja akicheka. Mlinzi wa geti alikuwa akikagua mavazi.

Ukweli unaofanana na uongo kuliko wote

Wikipedia yenyewe nayo iliwahi kucheza mchezo mtamu. Tarehe 1 Aprili 2007, Siku ya Wajinga, makala teule ya ukurasa wa mbele ilimhusu George Washington aliyezaliwa Ubelgiji na kutajirika kwa kuuza kahawa ya unga isiyohitaji kuchujwa. Wasomaji wakadhani wametaniwa. Kila neno lilikuwa kweli: alikuwepo George Washington wa pili, mzaliwa wa Kortrijk mwaka 1871, mmoja wa wa kwanza kuiuza kahawa hiyo kwa wingi. Hiyo ni kejeli iliyogeuzwa ndani nje. Ilibisha hodi ya uongo, kisha ikaingia na ukweli.

Ahadi iliyochelewa kuliko zote

Medali ya mwisho inarudi kwa mkongwe. Hadithi ya Kweli inapoisha, merikebu ya Lucian imevunjika kwenye bara lisilojulikana, naye anamwahidi msomaji kwamba yaliyompata huko atayaeleza katika vitabu vinavyofuata. Havikufuata. Msomaji mmoja wa zamani aliandika pembezoni mwa nakala yake kwamba huo ndio uongo mkubwa kuliko wote uliomo kitabuni. Sasa ni miaka 1,800 na ushei, na bado tunasubiri.

Bibi naye alikuwa na wake. Macho yetu yalipoanza kuwa mazito alikuwa akisema, "Mengine nitawamalizia kesho." Kesho yake fisi alikuwa na jina jingine, alikuwa katika kijiji kingine, na hakuna hata mmoja wetu aliyedai.